Aliyeandika kwa Jina la Babu Kabati

Siku Babu Kabati alipoandika habari za ng'ombe wa kuazima, katika halmashauri ile hakuna aliyefanya kazi mpaka chai ilipoletwa. Mhasibu alikuwa anasoma simu chini ya meza. Masjala walikuwa wanasomeana kwa sauti. Hata mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida humsimamisha kila mtu na kumwuliza anakwenda kwa nani, alikuwa ameligeuzia lango mgongo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Ni halmashauri moja ya wilaya katika ukanda wa dhahabu, ukitoka Kahama unaelekea Geita. Jina lake tuliache, wenyewe wanajijua.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni mkubwa alikuja kuzindua josho la mifugo. Josho lilikuwepo, maji yalikuwepo, ila ng'ombe wa mradi hawakuwepo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwanunua. Wakaazimwa kwa mfugaji mmoja wa jirani, wakaoshwa, wakapangwa mstari. Mgeni akakata utepe. Makofi yalipoanza, mfugaji aliyekuwa amesimama kule nyuma akadhani shughuli imekwisha, akapiga mluzi. Mradi mzima ukageuka na kwenda nyumbani kwake.

Aliyeyaandika hayo kwenye Facebook alijiita Babu Kabati. Alidai kuwa yeye ni kabati la chuma lililosimama kwenye kona ya ofisi tangu enzi na enzi, na kwamba mbele ya kabati hakuna mtu anayeshusha sauti. Wilaya nzima ilimfuata. Wachimbaji wa Rwamgasa walimsoma wakisubiri zamu ya kushuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, na wauza mitumba walimsoma wakisubiri wateja. Kila mtu alikuwa na hakika kuwa anamjua.

Kwenye chumba cha nje cha ofisi ya Mkurugenzi, katibu muhtasi wake, Bernadina, alikuwa anachapa barua ya mwaliko, uso umetulia kama yuko kwenye misa. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila kukosea. Babu Kabati alikuwa yeye.

Bernadina ni mtu wa Kishapu, mtoto wa mkulima wa pamba. Alisomea uhazili Shinyanga mjini enzi za taipu zile za kugonga kwa nguvu mpaka kucha ziume, akaolewa na fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, na wakahamia upande huu pamoja. Fundi alifariki binti yao Nelly akiwa bado shule ya msingi. Bernadina akabaki na mtoto na kazi yake, na vyote viwili akavilea vizuri. Nelly sasa ana saluni yake Chato. Ofisini watu wote, kuanzia Mkurugenzi mpaka mfagiaji, walimwita Mama Nelly.

Kazi aliyoifanya kwa miaka mingi kuliko nyingine zote ilikuwa kuandika mihtasari ya vikao. Na katika kazi hiyo kuna ufundi ambao watu hawaufikirii. Siku moja wakuu wa idara wawili waligombea gari mpaka mmoja akainua kiti. Bernadina akaandika: "Wajumbe walijadili kwa kina suala la usafiri." Mwenyekiti aliposinzia na kuamka akiunga mkono hoja iliyokwisha kukataliwa, aliandika: "Mwenyekiti alisisitiza umuhimu wa hoja hiyo." Alikuwa hodari wa kunyoosha. Kila kilichoingia kikiwa kimepinda, kilitoka mikononi mwake kimepigwa pasi. Lakini yale yaliyopinda yalikuwa hayapotei, yalikuwa yanamkaa kifuani.

Alikuwa anayatoa kwa Nelly tu, kwa simu. Nelly alikuwa anaweka sauti kubwa huku anasuka, na wateja wake wakawa wanacheka mpaka wanaharibu mistari ya nywele.

"Mama," Nelly alimwambia siku moja, "kwa nini haya yote unanisimulia mimi na vichwa viwili vya watu? Andika. Mimi nitakufungulia ukurasa."

"Wanifukuze kazi?"

"Weka jina lolote. Sema wewe ni mlango."

"Mlango unafunguliwa na kila mtu," Bernadina akasema. "Afadhali kabati."

Akaanza. Aliandika alfajiri jikoni, simu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine, akisubiri uji uchemke. Alijiwekea masharti: hataji jina la mtu, haingii vyumbani mwa watu, na barua yenye muhuri wa siri haigusi hata kwa mbali. Ataandika yale tu ambayo watu wameyafanya hadharani halafu wakakubaliana kwamba hayakutokea.

Alipoanza kusomwa, Bernadina aligundua kitu ambacho hakukitegemea: alipenda. Alipenda kupita koridoni na kusikia sentensi yake inatoka mdomoni mwa mtu mwingine. Ilimfanya atembee tofauti kidogo, kama mtu mwenye kiatu kipya ambacho hakuna aliyekiona.

Kilichomkera ni Gregory.

Gregory alikuwa afisa mipango, mtu wa tai na manukato, si mbaya wa roho ila anapenda kutazamwa. Jioni moja kwenye nyama choma ya Violeth, mteja mmoja alimwuliza kwa utani, "Afisa, isije ikawa wewe ndiye Babu Kabati?" Mtu mwingine angekataa. Gregory akanyamaza. Akazungusha glasi yake taratibu, akatabasamu, akatazama mbali. Kufika asubuhi, mji mzima ulikuwa na jibu. Tangu hapo hakununua tena kinywaji chake mwenyewe. Violeth alikuwa anamchagulia mbavu za mwisho mwisho, zile nzuri, na wazee walikuwa wanampisha kiti.

Ikafika hatua akaja kumfundisha Bernadina.

"Mama Nelly, umeisoma ile ya ng'ombe?" alimwuliza, amekalia pembe ya meza yake.

"Nimeisikia."

"Unajua, kuandika vile si mchezo. Lazima mtu awe amesoma sana. Ile sehemu ya mluzi, kwa mfano. Ina tabaka."

"Ina nini?"

"Tabaka. Maana ndani ya maana. Ng'ombe pale si ng'ombe tu."

Bernadina alipoiandika sehemu ya mluzi, ng'ombe walikuwa ng'ombe, na yeye alikuwa anawahi uji usimwagike. "Kwa hiyo ni wewe?" akamwuliza.

Gregory akacheka, akaweka kidole mdomoni. "Mimi sijasema kitu, Mama Nelly. Wewe ndiye umesema."

Jioni hiyo alimpigia Nelly, sauti imepanda. "Amenibebea jina langu! Na hata haoni haya! Eti lazima mtu awe amesoma sana. Na wote wanasema ni mwanaume."

"Mama, si ulitaka usijulikane?"

"Nilitaka nisijulikane mimi. Sikutaka ajulikane yeye."

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, ya kuchekesha tu, kama si vitanda vya Bulyamhela.

Bulyamhela ni kijiji kilichojengewa zahanati mpya yenye wadi ya wazazi. Jengo lilikwisha, rangi ikapakwa, uzinduzi ukapangwa. Vitanda havikuwepo. Halmashauri ikafanya kama ilivyofanya kwa ng'ombe: ikaazima vitanda kwenye kituo cha afya cha kata nyingine, vikaja na lori, magodoro yakiwa bado na nailoni. Bernadina ndiye aliyechapa ratiba: "Mgeni Rasmi kukagua vitanda vya wadi ya wazazi." Mgeni alikagua kweli. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akapigwa picha, akasifu. Vumbi la gari lake halijatua, lori likarudi kuvichukua.

Kesho yake alikuja ofisini muuguzi wa zahanati hiyo, Loveness, binti mwembamba, amejaa vumbi la pikipiki mpaka kwenye nyusi. Alitaka kumwona Mkurugenzi. Mkurugenzi, kutoka ndani, akasema aambiwe arudi wiki ijayo.

Loveness hakuondoka. Alikaa kwenye kiti mbele ya Bernadina, mikono kati ya magoti. Bernadina akammiminia chai.

"Kulikuwa na mama mmoja tayari ana uchungu, Mayu," Loveness alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na alivyolisema neno hilo, Bernadina aliacha kuchapa. "Tulikuwa tumemlaza kwenye kitanda kimojawapo. Wapakiaji wakasimama mlangoni wakaniambia, mwinue. Mimi nikamwinua. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Amejifungulia chini, kwenye kitenge chake."

"Yeye na mtoto?"

"Wazima, kwa rehema za Mungu tu. Lakini alivyonitazama wakati namwinua..." Akanywa chai.

Bernadina akauliza polepole, "Haya yakisikika huko nje, wewe utapata shida?"

Loveness akainua macho. "Kijiji kizima kiliona lori likiondoka. Nani atasema nimesema mimi?"

Asubuhi iliyofuata uji uliungua. Bernadina aliandika, akafuta, akaandika tena. Hakutaka kuchekesha, lakini Babu Kabati alikuwa na namna yake ya kusema na haikukubali kubadilika. Mwishowe alibakiza maneno machache: "Vitanda vya Bulyamhela ni vya ajabu. Vinafika na mgeni na kuondoka na mgeni. Kinamama wa Bulyamhela nao wanaombwa wapange uchungu wao kwa kufuata ratiba ya wageni, ili nchi isonge mbele."

Hayo hayakuishia wilayani. Redio iliyasoma. Watu wa mbali, ambao hawajawahi hata kusikia jina la Bulyamhela, wakaanza kuuliza vitanda viko wapi. Mkoa ukauliza pia, kwa barua.

Mkurugenzi aliita watumishi wote ukumbini. Aliongea muda mrefu, jasho linamtoka, na katika yote aliyosema neno kitanda halikutokea hata mara moja. "Kuna msaliti humu ndani!" alisema. "Anakula chumvi yetu na kututukana! Nitamjua!" Wakati anasema hivyo, vichwa vyote, kimoja baada ya kingine, vilimgeukia Gregory.

Gregory alipewa barua ya kutakiwa kujieleza. Siku hiyohiyo alikuja kwa Bernadina, tai imelegea, hana manukato.

"Mama Nelly, nichapie jibu."

"Sema."

"Andika: Mimi si Babu Kabati, sijawahi kuwa Babu Kabati, na katika mikakati yangu ya baadaye sina mpango wa kuwa Babu Kabati."

Bernadina akachapa "Mimi si Babu Kabati", vidole vikasimama hapo. Katika maisha yake alikuwa amechapa uongo mwingi wa wakubwa bila kusita, na leo, kwenye ukweli mtupu, mikono ilikuwa imekataa.

"Hawataniamini," Gregory akasema. Alikuwa karibu kulia. "Nani ataniamini? Nimekunywa bia za watu mji mzima. Jana nimemwapia mke wangu kwa jina la watoto kwamba si mimi. Unajua kaniambia nini? Kasema nisiogope, nikubali tu, yeye ananionea fahari. Tangu tuoane hajawahi kuniambia neno hilo."

Bernadina alitaka kucheka na akashindwa. Alimaliza barua, akaitoa ile "mikakati", akampa asaini.

Nyumbani alimpigia Nelly.

"Mwache," Nelly alisema. "Si alijitwalia sifa? Achukue na viboko."

"Ana watoto wanasoma, Nelly."

"Na wewe una mimi."

"Wewe una saluni." Bernadina akahamishia simu sikio la pili. "Nimechapa kwa mkono wangu kwamba si yeye. Nikikaa kimya sasa, nina tofauti gani na wenye lori?"

Nelly alivuta pumzi upande wa pili. "Basi vaa lile gauni la bluu," akasema. "Usiende kufukuzwa kazi na sweta."

Aliyetumwa kutoka mkoani kuchunguza alikuwa mama mmoja aitwaye Mwamvua, mwenye hijabu iliyonyooka na mkoba mkubwa mno, ambao haukuwahi kumtoka ubavuni. Alipewa ukumbi mdogo, akawa anawaita watu mmojammoja. Bernadina hakuitwa. Aligonga mwenyewe, baada tu ya mapumziko ya mchana.

"Shikamoo, mama," Mwamvua akasema, maana alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba. Nimekuja kukupunguzia kazi. Babu Kabati ni mimi."

Mwamvua aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa huruma. "Mama, nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Afisa mipango amekuomba umbebee?"

"Huyo angeniomba, angeandika mkakati wa kuniomba."

"Nakuelewa. Umekaa nao siku nyingi, unawaonea uchungu kama watoto wako. Lakini hili si la kubebeana."

Bernadina hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amejiandaa kukaripiwa, kuandikiwa barua, hata kutolewa getini na mlinzi. Kutoaminika hakukuwemo. "Nipe hiyo kompyuta," akasema.

"Ya nini?"

"Nikuandikie. Hapahapa."

Mwamvua akasita, kisha akaisukuma kompyuta upande wake. Bernadina akakaa, akanyoosha mgongo, akafikiri kidogo. Halafu vidole vikaanza kukimbia. Alipomaliza aliigeuza, na Mwamvua akasoma:

"Mkoa umetuletea mgeni mwenye mkoba. Mkoba wenyewe ni mkubwa kuliko hazina ya wilaya. Idara ya afya wanasema umejaa barua za kufukuza watu. Manunuzi wanasema mna kinasa sauti. Elimu wanasali. Leo mchana mgeni ameufungua, mimi Babu Kabati nikaona kwa macho yangu. Mna michembe na chupa ya chai. Halmashauri nzima imeshinda inatetemeka kwa ajili ya viazi vikavu."

Mwamvua alijaribu kukaza uso. Alibana midomo, akatazama dirishani, akarudi kwenye maandishi. Akaangua kicheko mpaka akachomoa kitambaa kwenye ule mkoba na kujifuta macho. "Michembe ya shangazi yangu," akasema. "Umeionaje?"

"Mlango ulikuwa wazi."

Kicheko kilipokwisha, sura ikabadilika. "Vile vitanda viliondoka kweli?"

"Viliondoka. Lakini usinisikilize mimi. Mimi ni mtu wa kuandika tu. Nenda Bulyamhela ukawaulize walioona."

Mwamvua aliomba gari mchana uleule. Mkurugenzi alimwambia magari yote yapo safarini. Akapanda pikipiki, mkoba mbele kifuani, na watu wa sokoni waliomwona anapita walisema alikaa kama mtu aliyezaliwa juu ya pikipiki.

Alirudi jioni, nyusi zimejaa vumbi kama za Loveness siku ile, akakaa kuandika taarifa yake.

Mambo ya serikali hayaendi mbio. Lakini yalikwenda. Mkurugenzi alihamishwa, na barua ikasema ni kwa sababu za kiutumishi, maneno ambayo Bernadina aliyachapa mwenyewe kwa heshima zote. Vitanda vilinunuliwa, vipya, vikapelekwa Bulyamhela siku ya kawaida bila utepe wala mgeni. Loveness alimtumia picha: kinamama wawili wamekaa kwenye kitanda kimoja, wanacheka, mmoja ameshika godoro kwa mikono miwili kama anayelizuia lisiondoke.

Na Bernadina? Walitafuta kosa lake wakahangaika. Hakuna siri ya serikali aliyoitoa. Ng'ombe walitembea barabarani, na lori lilionwa na kijiji kizima. Wakampa onyo la maandishi na uhamisho. Mwamvua alimwuliza pembeni angependa kuhamia wapi, akasema Kishapu, kwetu. "Ukurasa uuache, mama," Mwamvua alimwambia. "Lakini ukiona vitanda vinatembea tena, namba yangu hii hapa."

Kuondoka hakukuwa kwepesi. Masjala walimkumbatia. Mtu wa ugavi, ambaye Babu Kabati aliwahi kusimulia jinsi gari la chanjo lilivyobeba mbuzi wa harusi yake, hakumpa mkono. Alipita kama hamwoni, na hilo lilimuuma Bernadina kuliko lile onyo, kwa sababu walikuwa wamekunywa chai meza moja miaka mingi. Hakuwa amemtaja jina, lakini mbuzi wanajulikana.

Gregory alikuja mwisho, wakati anafunga maboksi. Alikuwa amesafishwa, shauri lake limefungwa.

"Asante, Mama Nelly," akasema. Kisha, baada ya kukohoa, "Violeth siku hizi ananikatia nyama ya shingo."

"Pole, Gregory."

"Na mke wangu amenuna. Anasema kumbe si mimi." Akatazama sakafu. "Ungeniambia mapema, ningekuwa nakusaidia mawazo."

Bernadina alimpa boksi moja alibebe mpaka kwenye gari, akalibeba.

Kishapu alipangiwa ofisi tulivu ya ardhi. Akapanda mchicha nyuma ya nyumba, akazoea. Babu Kabati akanyamaza, na wasomaji wake, kwa kuwa hawakuambiwa chochote, wakajitafutia sababu wenyewe.

Siku ya gulio la Mhunze alikuwa anachagua nyanya, jua linachoma, vumbi la ng'ombe wa mnadani limetanda. Mwenye nyanya alikuwa anabishana na jirani yake mwuza karanga.

"Nakwambia amekufa!" alisema. "Babu Kabati amekufa, Mungu amrehemu. Alikuwa mzee mrefu wa Geita, ndevu nyeupe mpaka hapa. Shemeji yangu alikwenda kuzika."

Bernadina akaacha nyanya. "Watu walikuwa wengi?"

"Mayu, barabara ilifungwa! Wachimbaji walitoka mashimoni wote. Na jeneza lilikuwa la chuma, mwenyewe aliusia."

"Walisema nini juu yake?"

"Kwamba alikuwa mtu mpole. Hakuna aliyemdhania."

"Chakula kilitosha?"

"Kilibaki!"

Bernadina alitikisa kichwa kwa masikitiko, akatoa pole. Mwenye nyanya, kwa jinsi alivyomwona ameguswa, akamwongezea nyanya mbili za msiba. Akazipokea kwa mikono miwili, akatafuta kivuli cha kibanda cha kuuzia vocha, akampigia Nelly.

"Uko na wateja?" akamwuliza. "Basi weka sauti kubwa. Nimetoka kwenye msiba wangu."